Punda Asiyeona Kushoto

Ndugu zangu, kulikuwa na mkulima mwenye punda wa pekee kijijini kwao. Wakati wa mavuno majirani walikuwa wakimwazima kubebea mahindi, bila malipo, kama walivyolelewa. Lakini punda huyo alikuwa kipofu wa jicho la kushoto. Ukimjia upande huo, anarusha teke. Mkulima alilijua hilo, akamwendea shemeji yake, karani wa mahakama, kuomba ushauri.

"Kila mwazimaji atie dole gumba kwenye karatasi kwamba akiumia wewe huhusiki," shemeji akamwambia. "Ila habari ya jicho usiitaje. Ukiitaja, umekiri kwamba unajua."

Akaja mama mmoja. Alipoona wino, akacheka. "Jirani! Mimi nimeolewa bila karatasi, leo nitiwe wino kwa ajili ya punda? Haya, huyu bwana harusi ana tabia gani?"

"Punda ni punda, mama. Weka dole."

Akaweka.

Shambani, mama huyo alikuwa akimfungia punda gunia la pili, upande wa kushoto. Mumewe alikuwa hatua ishirini kutoka hapo, ameinama, akivunja mahindi. Alisikia kishindo, akadhani gunia limeanguka. Akavunja mahindi mengine mawili kabla ya kugeuka. Mkewe alikuwa chini, teke limeshamuua.

Mume akamshtaki mkulima, na hakimu akaisoma karatasi. Hakuna aliyeweza kuthibitisha kwamba mkulima alijua. Kesi ikafungwa.

Siku hiyohiyo yule mume aliyefiwa akamrudisha punda, aliyekuwa kwake tangu msiba. Uani kwa mkulima alimkuta mama mwingine akingoja kuazima, dole lake bado bichi kwa wino.

"Dada," akamwambia, "mpitie kulia. Kushoto haoni, atakupiga."

Mkulima akashtuka. "Wewe umejuaje?"

"Kwa kumnywesha maji. Siku tatu zilinitosha. Wewe umekaa naye miaka mingapi?"

 

Na sisi je? Tunajua breki za gari tunalouza. Tunajua dawa tuliyozipulizia mboga jana, na leo tunazipeleka sokoni. Tunauliza, "Nitashtakiwa?" Hatuulizi, "Ataumia?" Tukishinda kesi, tunakuja hapa ibadani kutoa shukrani.

Mungu hatatuuliza tulitia dole wapi. Atatuuliza tulijua nini, na ni nani aliyetuuliza tukamnyamazia.

Yupo mtu uliyemficha neno moja. Mwambie leo, angali anasikia.