Blanketi Lililofumuliwa

Tulieni niwape mfano. Huu nimeutunga mwenyewe, na hamtaupata mtamu kama huu kanisa lolote la jirani.

Kulikuwa na mama mmoja wa Ifakara, hodari wa kuunga vipande vya vitenge mpaka vinakuwa blanketi. Binti yake aliolewa Makete, kule ambako asubuhi ukisema shikamoo mdomo unatoa moshi. Binti akapata ujauzito, mama akaapa: mjukuu wangu baridi haitamgusa, blanketi lake nalishona mimi.

Basi kila akienda kumwona binti, anashona njiani. Gari likiruka kwenye mashimo, sindano nayo inaruka. Akirudi nyumbani anatandaza kazi kitandani, anavaa miwani, anaguna, "Aibu gani hii? Mshono umelewa." Anafumua wote. Anaanza upya kwa cherehani, polepole, anyooshe kweli kweli, na kabla hajafika mbali safari nyingine imeingia. Sasa niambieni, hilo blanketi litaisha lini?

Siku moja simu ikalia: mtoto amezaliwa. Kwa furaha mama akavaa kandambili, kila mguu rangi yake, akabeba mfuko wake wa vitambaa, akawahi basi. Konda akamchungulia.

"Mama, si ndilo lile la safari iliyopita?"

"Ndilo. Leo namalizia."

"Mbona safari iliyopita lilikuwa kubwa zaidi?"

Abiria hoi kwa kicheko. Mama naye akacheka, akatunga uzi, akashona kama mtu anayefukuzwa. Alifika Makete na kipande cha kutosha kumfunika kuku.

Akaingia chumbani. "Mwanangu, nisamehe. Blanketi bado. Mtoto mmemfunika nini?"

Binti akamsogezea kichanga. Kimelala fofofo, mashavu ya moto, kimeviringishwa kwenye kitu cha viraka chenye mishono iliyopinda kama njia ya mbuzi.

"Hiki umekitoa wapi?"

"Si kile ulichoshona kwenye basi safari ya kwanza, mama, ukaniachia hapa? Ulisema hakifai, niwe naepulia sufuria. Nikakitia bitana ya shuka kuukuu."

"Lakini kimepinda."

"Mwenyewe hajalalamika."

Haya, mnacheka nini? Mama huyo ni sisi. Wewe uliyejibanza nyuma ya nguzo, ulisema utakwenda kumwona yule jirani mgonjwa, ukaona kwanza upate cha kubeba. Umefumua. Ulianza kusali ukiwa njiani, ukasema hii si sala, nitapiga magoti vizuri nikifika nyumbani. Ukafika, ukalala. Umefumua. Mungu ana watoto wanaotetemeka sasa hivi, na sisi tumevaa miwani tunakagua mshono.

Tuache kufumua, jamani. Tupeleke hicho hicho kilichopinda. Na wewe wa nguzoni usikimbie, ibada ikiisha mgonjwa tunakwenda kumwona wote, mikono mitupu hivi hivi.