Marashi ya Kalunde

Sogeeni motoni, wajukuu zangu, na wewe unayetafuna mahindi, hebu nyamaza kwanza.

Alikuwapo mrina asali, jina lake Mihambo. Mkewe, Kalunde, alikuwa na wivu wa kuuonea hata mkeka aliokalia mumewe. Sasa kila akikaribia kurina, Mihambo alilala chumba cha peke yake, ili nyuki wasinuse kwake harufu ya mtu mwingine. Kalunde akasema, "Huyu ana mwanamke porini." Akamfuata.

Mihambo akasimama chini ya mzinga, akaita, "Bibi, nifungulie." Mzinga kimya. Akaita tena, ukanguruma. Akaita mara ya tatu, akatoka mwanamke mwenye rangi ya asali, akampa masega.

"Kumbe!" Kalunde akarudi nyumbani analia. Safari iliyofuata akalimwagia shati la mumewe marashi. "Akanuse, ajue huyu ana mwenyewe!" Akamfuata tena.

Mihambo akaita mara tatu. Bibi akatoka, akanusa.

"Umeniletea nani, Mihambo?"

"Sijaleta mtu, Bibi."

"Mwongo!" Pale pale akageuka kundi la nyuki, wakamvaa.

Kalunde akatoka mafichoni mbio, akamfunika mumewe kwa kanga yake. "Niumeni mimi! Marashi ni yangu!"

Kundi likacheka. "Mchukue mumeo. Lakini wivu wako umenipendeza, huo naondoka nao."

Basi Kalunde akabaki na mume aliyevimba uso, mtoto wao Shija akarithi mizinga, na nyuki wakarithi ule wivu. Mpaka leo ukienda kwao unanukia marashi, watakuuliza umetoka kwa nani, na jibu hawalingoji.