Ngozi ya Babu Haina Nzi

"Ngozi ya babu haina nzi." Mmemsikia mama yenu akimjibu hivyo fundi cherehani aliyedai eti nguo iko tayari tangu juzi, imebaki vifungo tu. Mmecheka, na sasa mnataka kujua msemo umetoka wapi. Umetoka hapa hapa Kwemzingo, wajukuu zangu, na mambo yalikuwa hivi.

Ngoma yetu ya mavuno haikuongozwa na mtu asiyevaa ngozi ya mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe mabegani. Kila kijana alitaka kuongoza. Mbega wakapungua mpaka wakabaki sita msitu mzima. Kijiji kikaweka sheria: marufuku kuua mbega, ila mwenye ngozi ya kurithi kwa babu yake aendelee kuivaa.

Basi! Mwaka ule kila mtu akawa na babu mwindaji. Hata wale ambao babu zao tuliwajua kuwa walikuwa wakimkimbia panya.

Siku ya ngoma, Shekiondo akatokea mbele na ngozi inang'aa. Alirukaje! Akienda kulia, nzi kulia. Akienda kushoto, nzi kushoto, na hawakukosea hatua hata moja.

Bibi yake, Namweta, akanyanyuka akasimamisha ngoma.

"Shekiondo, hiyo ngozi ya nani?"

"Ya babu, bibi. Ilikuwa darini."

"Babu yako nimemzika mimi, mwaka wa thelathini huu. Aliacha jembe, kikombe cha bati na kikohozi. Ngozi sikuiona."

"Aliificha, bibi."

"Haya. Na hawa nzi, nao aliwaficha darini?"

Watu wakaangua kicheko, mpaka mpiga ngoma akadondosha fimbo. Namweta hakucheka.

"Leo asubuhi nikiwa shambani," akasema, "nimeona mtoto wa mbega, bado mweupe kama pamba, juu ya mkuyu. Yuko peke yake. Analia."

Kicheko kikakatika. Shekiondo akaivua ngozi, akabaki ameishika, hajui aiweke wapi.

Mwenyekiti, Mzee Hoza, akasema, "Kosa si la huyu peke yake. Sheria tuliijenga kama boma, halafu tukaacha mlango wazi, tukauita babu."

Mlango ukafungwa. Ngozi zote kuukuu zikaletwa zikapigwa chapa ya chuma cha moto pembeni. Baada ya hapo, ukikutwa na ngozi isiyo na chapa, hakuna habari ya babu: hutacheza ngoma tena, na utalinda msitu kila alfajiri kwa misimu saba.

Shekiondo ndiye aliyekuwa wa kwanza kupewa adhabu hiyo. Siku ya tatu ya zamu yake alimwona jike mwingine amempakata yule mtoto mweupe, akakaa chini akalia. Misimu saba ikaisha, hakuacha kwenda. Leo mbega ni arobaini na mmoja.

Nimejuaje idadi? Nimewahesabu leo alfajiri. Ndiyo, mnaniita Babu Kiondo, ila jina langu ni refu kidogo. Nzi wale walitua kwenye mgongo huu huu.

Kwa hiyo mtu akikuletea maneno mazuri ya zamani kufunika kosa bichi, usibishane naye. Tazama nyuma yake tu. Ngozi ya babu haina nzi.