Kinundu Kwenye Plasta

Wapendwa, wenye meno yenu na sisi tuliobakiza machache, nisikilizeni.

Kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa na meno ya bandia, taya lote la juu. Akaogopa yasije yakavunjika kwenye harusi ya binti yake, mbele ya wakwe, na nyama iko mezani. Akampelekea fundi wa meno ayanakili, awe na ya akiba. Aliyatoa kwenye leso, mdomo ameuziba kwa kofia.

"Fungua kinywa nione fizi," fundi akamwambia.

"Fizi za nini? Nakili haya haya."

Basi fundi akakoroga plasta, ule unga mweupe unaoganda kama saruji, akaijaza upande wa ndani, ule unaokaa kwenye fizi, ili apate kalibu ya kutengenezea mengine. Ilipokauka akaibandua. Mezani zikasimama fizi za mzee, zile zile alizozificha kwa kofia, na juu yake kinundu kama haragwe.

Fundi akauliza: "Mzee, hapa ndani umepapiga msasa?"

"Kidogo. Palikuwa panabana."

"Mara moja?"

"Kila kilipokua."

Akasikia mwenyewe alichosema. Fundi akamwekea ile plasta mkononi. Kidole gumba kikakutana na kinundu, kile ambacho ulimi wake ulikuwa unakijua siku zote.

"Nenda hospitali leo, baba. Meno yatasubiri."

"Wewe fundi au daktari? Nichongee nafasi zaidi."

"Hiyo siwezi."

Mzee akakunja leso, akaenda kwa fundi mwingine, asiye na maswali. Huyo akamchongea nafasi pana, laini, safi kabisa. Kama mnacheka, chekeni sasa. Harusini mzee alitafuna mpaka mifupa, akatabasamu kwenye kila picha. Hata mwaka haukuisha, wakamzika na meno hayo. Yalikuwa yanamkaa vizuri sana.

Mbona mmenyamaza? Si mlikuwa mnacheka?

Sisi nasi tunamjia Mungu na leso. Bwana, ile chuki yangu na ndugu yangu inanibana kidogo, hebu nipanulie nafasi. Na mhubiri akituambia tufungue kinywa, tunahama kanisa, tunatafuta asiye na maswali. Tunampata. Hilo ndilo linaloniogopesha mimi, wapendwa: tunampata, na tunatoka kwake hatuumwi popote.

Tusimame tuombe. Na leo kofia chini, vinywa wazi.