Kibao cha Diwani Kashinje

Manesi watatu walishapelekwa Mwandutu, na wote watatu wakaondoka na magodoro yao kwa kukosa pa kulala. Nyumba ya bati ilikuwa moja tu kijijini, ya Diwani Kashinje, naye aliishi mjini. Ilifungwa kufuli mwaka mzima, popo wakijinafasi.

Kalunde mfinyanzi, ambaye binti yake alijifungulia njiani juu ya mkokoteni wa ng'ombe, akamfuata Diwani huko mjini.

"Mheshimiwa, tuazime nyumba nesi akae."

"Nyumba yangu si kambi, mama! Nesi ajengewe na serikali."

"Basi yaishe. Ila Jumamosi Mkuu wa Wilaya anatutembelea, nami nimekufinyangia kibao cha shukrani. Tulitaka ukizindue mwenyewe."

Kashinje akachanua meno yote. "Jina langu umeliandika kubwa?"

"Kubwa kama wewe, Mheshimiwa. Tatizo ni pa kukiweka. Kuta zetu za udongo zitakiangusha."

"Si ukuta wangu upo? Kiwekeni pale mlangoni, kisha mkifunike pazia!"

"Na Mkuu akitaka kupumzika kivulini?"

"Nitakuja na funguo."

Jumamosi ngoma zikarindima. Kashinje, ndani ya suti, akavuta pazia kwa mbwembwe, na Mkuu wa Wilaya akasoma kwa sauti: "NYUMBA YA NESI. ZAWADI YA MHESHIMIWA KASHINJE KWA WANA MWANDUTU."

Vigelegele vikapasua anga. Mkuu akamkumbatia Kashinje, kamera zikamulika.

Kalunde alikuwa keshapiga goti mbele ya Kashinje, amekinga viganja viwili kwa adabu.

"Funguo, Mheshimiwa."