Fisimaji na Maji ya Kwa Mkwe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona kinyonge, mmelala njaa? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo zamani za kale, Fisimaji alikuwa na mabwawa ya kutotolea samaki, huko juu ya kijito. Vifaranga wa samaki walijaa tele. Walikula pumba, wakanya, wakala tena. Kila asubuhi Fisimaji alizibua mfereji, maji machafu yakateremkia kijitoni: gubu, gubu, gubu!

Jirani yake Kaa akalalamika. "Ndugu yangu, maji yako yananuka!"

"Yananuka wapi? Si yameshakwenda zake!"

Basi siku moja Fisimaji aliamka na furaha, furaha ya kupasuka! Anakwenda kuposa! Akachana manyoya, akajipaka mafuta, akateremka mbio mpaka huko chini ya kijito, kwa Bi Kidawa, mama yake Siwema, binti aliyempenda.

"Karibu, baba. Kunywa maji kwanza."

Maji ya ukweni hayakataliwi. Akapokea kata. Kutazama ndani, loo! Maji ya kijani, pumba zinaelea. Pumba zake mwenyewe! Akafumba macho, akanywa.

"Siwema yuko wapi, mama?"

"Yuko ndani, anahara siku ya tatu. Maji haya yatatumaliza. Na huyo anayeyachafua, nikimjua, kwangu haoi!"

Moyo wa Fisimaji: du! du! du! Aseme? Anyamaze? Akinyamaza ataoa. Mara Siwema akalia ndani: "Mama, nakufa!"

Fisimaji akaruka wima. "Mama, ni mimi! Mwenye maji ni mimi!"

Akatoka mbio! Akaziba mfereji, pwaa! Akachimba bwawa la kutuliza maji, chi! chi! chi! Kaa akaja na magando yake: "Sogea huko, nikusaidie!" Tope likatuama, wakalipeleka migombani. Maji wakayapitisha polepole kwenye matete. Siku ya saba kijito kikatakata, na Siwema akainuka kitandani.

Fisimaji akarudi ukweni, kichwa chini. "Mama, bado nampenda. Mahari ni nini?"

"Sitaki mbuzi," akasema Bi Kidawa. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Utahamia huku chini. Utakachomwaga kule juu utakinywa hapa, wewe, mkeo na wanao."

"Nahama leo!" akapiga kelele Fisimaji. "Leo hii hii!"

Siwema akacheka, vigelegele vikapigwa.

Wanangu, na nyinyi wakubwa mnaojificha nyuma: ukimwaga maji machafu, jua kuna anayeyanywa huko chini. Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa imekukolea, mgawie jirani.