Kiboko na Ngata Thelathini

Sogeeni, wajukuu zangu, lakini apeni kwanza. Lambeni kidole, kielekezeni juu: "Sisemi, nikisema nioze ulimi!" Mmeapa? Haya. Hata mimi niliapa hivyo hivyo mbele ya Kanga aliyenipa habari hii, na ulimi wangu huu hapa, mzima, hauna hata upele. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wakipika na kualikana, Bi Tembo alikuwa anamwoza bintiye. Unga wa harusi ulitakiwa uwe tayari kwa siku saba. Akamwita Punda achote maji mtoni, maana enzi hizo Punda alibeba mtungi kichwani kama mtu. Akamwita Nyati atwange mtama. Akamwita na Binti Digidigi, yule mdogo mwenye miguu kama njiti, apepete. Juu yao akamweka Kiboko awe msimamizi.

Bi Tembo si mchoyo, jamani! Kila asubuhi alimkabidhi Kiboko chungu cha uji wa maziwa awagawie wenzake. Kwa mikono yake alisokota ngata thelathini za majani ya mgomba, laini, ili mitungi isimchubue Punda kichwa. Akasema, "Jua likifika utosini, pumzikeni. Na muimbe. Kinu bila wimbo ni kizito."

Siku ya kwanza, mitungi kumi. Kazi ikaenda kwa nyimbo na vigelegele.

Siku ya pili Kiboko akaja kanuna. "Bi Tembo kasema mitungi ishirini!"

"Na uji?" akauliza Nyati.

"Hakuna uji. Shibe huleta usingizi."

Siku ya tatu mitungi thelathini, na ngata hazionekani. "Zinamlegeza Punda shingo," akasema Kiboko. Siku ya nne akapiga marufuku wimbo. "Pumzi mnayoimbia ndiyo ya kutwangia!" Kupumzika mchana? Msiniulize.

Kufika siku ya tano, Punda alimwaga maji ndani ya kinu. Nyati akasinzia wima, mchi hewani, kisha puu! akajitwanga kwato. Nyati yule, kifua kama mlango wa boma, akalia kama mtoto.

"Hata nyumbani sipo," akasema akifuta kamasi. "Jana mke wangu kaniita kula, nikaitika: natwanga!"

Punda hakucheka. "Dada Digidigi, kesho nitalala pale mtoni. Anayetaka maji aje anikamue. Mimi siinuki tena."

Digidigi akamtazama. Utosi umechubuka, macho hayana mtu ndani. Huyu hatanii, akawaza. Akamkimbilia Kiboko.

"Bwana msimamizi, Punda anakufa!"

"Afe akimaliza zamu! Ndiyo maana wakasema fadhila za punda ni mateke. Mimi naingia ghalani kukagua unga. Nasikia kila kitu. Mchi ukinyamaza, natoka na fimbo!"

Akafunga mlango. Lakini alipopita, Digidigi alinusa. Hee! Maziwa! Pua ya Digidigi haidanganyiki.

Akarudi kinuni mbio. "Kaka Punda, tua mtungi. Nenda kwa Bi Tembo, mwambie aje na wageni wa upande wa bwana harusi, wauone unga ghalani. Neno jingine usiseme. Mjomba Nyati, lala."

"Na mchi ukinyamaza?"

"Hautanyamaza. Lala, lakini ukoromee ndani ndani."

Digidigi akajaza pumba kinuni. Akashika mchi mfupi, akatwanga: du! Kwa kisigino cha nyuma akagonga ukingo wa kinu: ka! Du-ka! Du-ka! Ungeapa ni watu wawili wanapokezana.

Jasho likamtiririka. Mchi ukamponyoka, kinu kikanyamaza.

"Weee!" Kiboko akanguruma ndani.

Du-ka! Du-ka! Du-ka!

"Ehee, hapo sawa!" Kisha ikasikika kutoka ghalani: khrrr... khrrr...

Bi Tembo akatokea na wakwe, mbele Bi Twiga, mama wa bwana harusi, shingo imetangulia. Punda nyuma yao.

"Wewe mtoto, mbona unatwanga pumba?" akauliza Bi Tembo.

Digidigi hakuacha kutwanga. Akaonyesha mlango kwa kidevu.

Bi Tembo akausukuma kwa mkonga. Kwiii!

Loo! Kiboko kajilaza chali juu ya godoro la ngata, thelathini zote, zimepangwa vizuri. Vyungu vitatu vitupu ukutani. Cha nne kakikumbatia tumboni, upawa mkononi, uji unamchuruzika kwenye masharubu.

Hapo Digidigi akaacha kutwanga. Kimya kile kikamgutusha Kiboko.

"Nani kasimama?" akabweka, macho bado kayafumba. "Kesho mitungi arobaini! Na uji hakuna!" Akachota upawa mmoja, akanywa: fyuuu!

Ndipo akafumbua macho. Bi Tembo. Wakwe wote. Punda na utosi wake. Na Bi Twiga kaingiza kichwa mpaka chunguni.

"Bi... Bi Tembo! Nilikuwa nauonja, usije ukawa umeungua..."

"Onja, Kiboko, onja," akasema Bi Tembo. "Umeshaonja vyungu vitatu, ungali hujajua?"

Kiboko akainuka akimbie, na ngata mbili zimemganda matakoni mbele ya wakwe.

Ukimwongezea mtu mtungi, usimnyang'anye ngata.